Rangi ya Kucha

Mstari mwekundu niliuchora mimi,
kwa rangi ya kucha iliyobaki harusini kwa Marusya,
pumzi nimeibana,
juu ya kioo cha kipima kasi,
penye noti mia moja na arubaini.
Orest alishika tochi. Gereji ilikuwa baridi
ya kugandisha mate kabla hayajafika sakafuni,
na nje Saskatchewan yote imelala chini ya theluji,
bapa, kama hati isiyotiwa saini.

Kisha mstari mwingine, mweupe, mwembamba,
toka kioo hadi fremu yake,
ili kioo kikizunguka siku moja, kimyakimya,
mstari ukatike, tujue kinatudanganya.
Huu ndio niupendao.

Noti hizi hazinunui kitu.
Tao jeupe: shusha vibapa vya mabawa.
Kijani: hapa ishi.
Manjano: pita, kama hewa imetulia, kama nawe umetulia.
Na kule chini, matao yanakoanzia, kuna kifo kingine:
mwenda pole hajikwai, husema wakanyagao ardhi;
huku juu mwenda pole huanguka kama gunia.

Bwana Thibault alikuja Machi, na kurunzi
na kijioo cha daktari wa meno,
kabla hatujayavika mabawa ngozi yake.
Alichungulia hadi pembe ambazo hata panya hakuzifika.
"Sheria yataka zaidi ya nusu ya kazi iwe ya mjenzi mwenyewe.
Si ya kiwanda. Si ya fundi wa kukodi.
Nani alijenga?"
"Mimi," alisema Orest.

Miaka tisa nilishika chuma upande wa pili,
ribiti elfu kumi na moja na mia nne,
yeye akigonga nje, mimi nikipokea ndani.
Kiganja changu kinaijua hesabu hiyo hadi mfupani.
Nikamimina chai. Nikaimimina polepole mno.
Orest akakohoa.
"Sisi. Andika sisi."
Fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja;
tukabanana humo, Hnatiuk wawili, kwa herufi za sisimizi.

Mbele ya kiti changu kuna kibao cha lazima:
abiria ajue kwamba chombo hiki
hakikufuata viwango vya ndege za viwandani.
Nilicheka. Thelathini na moja ya ndoa,
na hakuna aliyenibandikia kibao mlangoni.

Saa ishirini na tano za majaribio, rubani peke yake.
Saa ya sita alirudi uso umekauka.
Penye mia na thelathini na moja, alisema,
usukani ulitetemeka kama mkono wa mlevi,
na mkia ukaanza kunong'ona.
Alipunguza kasi taratibu, kama mtu anayerudisha mlango
ili asimwamshe aliyelala ndani.

"Ramani inasema mia na arubaini," nilisema.
"Ramani haikugonga ribiti hizi."

Tuliongeza risasi kwenye ulinganifu wa mkia. Hata hivyo
akachukua sehemu tisa kwa kumi ya pale palipotetemeka,
nami nikachukua asetoni na pamba,
nikaufuta mstari wangu mzuri,
nikauchora upya penye mia na kumi na saba.
Hakuna aliyetuamuru.
Orest aliliandika daftarini, tarehe na sababu,
mwandiko wake umeinama kama ngano.

Jumapili daftari lilisoma ishirini na nne
na dakika thelathini na sita.
Nilikuwa nimeshavaa buti na koti, kofia mkononi.
Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Dakika ishirini na nne,
nani angezihesabu?
Alinitazama. Akafunga mlango, akaruka peke yake.

Nilikaa juu ya kreti. Nikamenya yai.
Alizunguka maghala ya nafaka, akazunguka tena,
mtu akipalilia mbingu tupu
kwa ajili ya karatasi.

Alipotua hakusema kitu, alifungua tu upande wangu.
Nilijifunga mkanda, nikainama hadi kwenye kioo,
nikatafuta kwa ncha ya ukucha
ule mstari mweupe.